Uchambuzi wa kisa: muvi ya kijasusi ya bajeti ndogo Dodoma, na jinsi bunduki zilivyoondolewa katikati ya kazi

## Kisa chenyewe na nilichokificha

Hiki ni kisa cha kikundi cha vijana wa Dodoma waliotengeneza muvi ya kijasusi yenye mapigano, ya kama saa moja na robo, kwa hela ambayo jumla yake haikufika milioni sita za Kitanzania. Nimeondoa jina la muvi, majina ya watu wote, mtaa, kituo cha polisi na mwaka, na vitu viwili vitatu ambavyo ukivisoma tu ungejua ni nani. Wahusika nitawaita kwa kazi zao: dairekta, prodyuza, kamerameni, steringi (mwigizaji mkuu), adui. Wenyewe wameridhia niandike.

Mimi niliitwa kuediti, nikaingia kazi ikiwa katikati, kwa hiyo nusu ya kwanza naijua kupitia faili za kamera na maelezo yao, nusu ya pili nilikuwepo. Mtu wa kuediti anaona vitu ambavyo waliokuwa lokesheni hawavioni, maana yeye hajui mlichoka kiasi gani siku ile wala jua lilikuwa kali vipi, anaona kilichoingia kwenye kadi basi. Naandika kwa sababu vikundi vingi huku kwetu vinatamani sana muvi za mashushushu na vinakwama palepale walipokwama hawa, na hawa walijikwamua kwa njia ambayo naipenda kabisa na nataka wengine waione.

## Walianzaje

Hadithi yao ilikuwa nzuri tangu mwanzo. Ofisa wa zamani wa usalama amestaafu, anauza mkaa Dodoma, hataki makuu. Siku moja kijana ambaye mzee aliwahi kumfundisha kazi anamletea flashi yenye orodha ya majina, kijana anauawa usiku uleule, na mzee ana siku moja kuifikisha flashi kwa mtu anayeondoka kesho yake na treni ya SGR kwenda Dar. Mpinzani wake ni mwanafunzi wake mwingine. Unaona hapo kuna kila kitu, kuna usaliti, kuna muda unaobana, kuna mji.

Na mji wenyewe unafaa. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa 1973 lakini serikali imehamia kwa kasi miaka hii ya karibuni, hadhi ya jiji imekuja 2018, Mji wa Serikali uko Mtumba, treni ya SGR imeanza kufika 2024, kwa hiyo mtu wa Dodoma leo anaishi mahali ambapo siri za nchi zinapita kwenye bajaji na mashamba ya zabibu bado yapo pembeni. Hadithi ya ujasusi ikiwekwa hapa haihitaji kulazimishwa.

Shida ilikuwa kwenye mgawanyo wa hela. Karibu nusu ya bajeti waliiweka kwenye vitu vitatu: suti za kukodi, gari la kukodi na droni. Bunduki za plastiki waliagiza Kariakoo, nzuri kweli, ukiziona kwa mbali unashtuka. Kamera ilikuwa ya mmoja wao, ile ya kawaida ya kupigia harusi, na lenzi mbili. Sauti hawakuiwekea hata shilingi, walitegemea maiki iliyo juu ya kamera, na mwezi ulikuwa wa nane. Mtu wa Dodoma anajua upepo wa mwezi wa nane.

## Yaliyotokea, kwa mpangilio

### Siku za ndani ya nyumba

Walianza na sini za ndani kwenye nyumba ya mama mmoja mjane, rafiki wa familia ya prodyuza, aliyewapa sebule na chumba kwa sharti moja, saa mbili usiku wawe wameondoka. Kamera ilikuwa imeachwa kwenye fremu 30 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ya sekunde 1/60, pengine kutokana na kazi iliyopita, na hakuna aliyeangalia. Umeme wetu Tanzania ni wa hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde. Taa zile za bei rahisi zinapepesa kufuata umeme, kwa hiyo kila sini ya usiku iliyoshutiwa chini ya taa ya sebuleni ina michirizi ya giza inayopanda taratibu juu ya uso wa mtu. Kwenye kioo kidogo cha kamera haionekani, kwenye kompyuta inaonekana yote. Ingetosha kuweka fremu 25 na shata 1/50 na hilo lisingekuwepo.

Halafu kukawa na damu. Sini ya kijana kuuawa, mtu wa mapambo akatengeneza damu kwa juisi ya rozela iliyochemshwa mpaka ikawa nzito, wazo la akili maana rozela ni nyekundu, ni rahisi na inanywewa, ikiingia mdomoni haina madhara. Wakammwagia jamaa kwenye shati jeupe, dakika chache baadaye damu ikawa ya zambarau. Sababu ni kwamba rangi ya rozela inabadilika ikikutana na kitu chenye asili ya magadi, na shati lilikuwa limefuliwa kwa sabuni ya unga na halikusuuzwa vizuri. Sini hiyo walirudia kwa rangi ya chakula nyekundu na asali, na tone la kahawa nyeusi ili ising'ae sana. Hiyo ndiyo ipo kwenye muvi na inaaminika mno.

### Siku ya bunduki

Sini kubwa ya kwanza ya nje ilikuwa hii: adui na vijana wake wawili wanashuka kwenye gari, suti nyeusi, bunduki mkononi, wanaingia uchochoroni kumtafuta mzee. Kamera iliwekwa mbali, ghorofani kwenye nyumba ya jirani, ili ionekane kama mtu anawapeleleza. Kwa kamera ni wazo zuri, ila maana yake mtu aliyeko barabarani haoni kamera wala haoni mtu wa kusema "ekisheni", anaona wanaume watatu wenye bunduki wanakimbia mtaani kwake saa nne asubuhi.

Mama mmoja aliyekuwa anaanika unga alipiga kelele, duka likafungwa, mtu akapiga simu. Polisi walifika haraka, na hapa nasisitiza kwamba walivyofanya ndivyo walivyotakiwa kufanya, wangekuja taratibu ningeshangaa. Vijana walilala chini, wakapelekwa kituoni na vifaa vyao, maswali yakaanza. Kibali cha kushuti kiko wapi? Hakipo. Barua ya serikali ya mtaa? Hakuna. Mwenyekiti wa mtaa anajua? Alipigiwa, akasema hajui lolote.

Kilichowaokoa ni skripti iliyochapwa, ambayo prodyuza alikuwa nayo kwenye begi, pamoja na zile faili za siku za nyuma kwenye kamera. Afande aliyekuwa zamu alisoma kurasa kadhaa, akaangalia video, akawaambia, "Nyie wanangu, leo mngekutana na mtu mwenye silaha ya kweli angewafyatulia kwanza ndio aulize." Wakaachiwa jioni ileile, vifaa vikabaki mpaka kesho yake walipokuja na mwenyekiti wa mtaa.

Asubuhi ile mwenyekiti, mtu mzima wa Kigogo, aliongea nao nje ya kituo kabla ya kuingia. Prodyuza anakumbuka vizuri. Alimsalimia, "Shikamoo mzee," mzee akaitika marahaba, akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Mwanangu, mtaa una mwenyewe. Ungekuja ukanywa hata maji kwangu, ningewatangazia watu msikitini na kanisani kwamba kesho kuna maigizo. Sasa wewe umenifanya nipigiwe simu na polisi kuulizwa habari za wanangu nisiowajua." Prodyuza aliomba radhi, na mzee aliingia ndani akawasemea kwa moyo wote.

### Kazi inasimama

Hapo pakawa na mapumziko, na ndipo mimi nilipoitwa kuangalia kama kilichopo kinaweza kuokolewa. Jibu langu lilikuwa kwamba picha inaokoleka, sauti yote ya nje haiokoleki. Upepo ulikuwa unaingia moja kwa moja kwenye maiki ya kamera na kufunika kila neno, na upepo ukishagonga maiki mpaka sauti ikapasuka hakuna programu ya kuurudisha ule mdomo wa mtu.

## Maamuzi na sababu zake

Walikaa kikao kwenye ile sebule ya mama, na naomba nikieleze kwa kirefu maana muvi ilipona hapo.

Dairekta alitaka kibali kitafutwe, bunduki zirudi, sini irudiwe ileile. Hoja yake ilikuwa kwamba muvi ya mashushushu bila bunduki hakuna atakayeiangalia. Prodyuza alisema hela iliyobaki haitoshi kulipia gari na suti tena. Wakabishana sana. Aliyegeuza kikao ni yule mama mwenye nyumba, alikuwa anapitisha chai, akasema, "Baba, mbona mimi mume wangu alikuwa anafanya kazi hizo za ofisi nyeti miaka yote na sijawahi kumuona na bunduki? Nilikuwa namuona na gazeti tu." Pakawa kimya. Dairekta akamuuliza, "Mama, alikuwa anavaaje?" Akajibu, "Kaunda suti. Na viatu vilivyolika kisigino, maana alikuwa anatembea sana."

Kuanzia hapo skripti ikaandikwa upya kwa siku chache, na maamuzi yakawa haya.

Bunduki zikatoka kabisa. Mzee hana, adui anayo lakini hatuioni, tunaona mkono ndani ya koti na sura ya mtu anayeangaliwa. Sini ile ya uchochoroni ikawa wanaume watatu wasio na kitu mkononi, wanatembea, hawakimbii, wanauliza watu kwa adabu mzee wa mkaa anakaa wapi. Inatisha kuliko ya kwanza, na nasema hivyo kama mtu niliyeziediti zote mbili.

Suti zikarudishwa. Steringi, anayeigiza mzee, akavaa kaunda suti ya baba yake mdogo na viatu vilivyolika.

Droni ikafutwa. Jamaa mwenye droni alikuwa tayari, lakini hakuwa na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na prodyuza baada ya yaliyotokea alikataa katakata kurusha kitu angani kwenye mji wenye Bunge na wizara. Kianzio walichomlipa kikapotea. Badala yake kamerameni alipanda kilima kimoja cha mawe kabla ya jua kuchomoza, kiangazi hiki jua linatoka kwenye saa kumi na mbili na nusu hivi, akashuti mji ukiwa na vumbi jepesi chini na mabati yakianza kung'aa. Dodoma Mungu ameipa vilima vya mawe kila upande, mtu unahitaji droni ya nini.

Treni ikatoka. Walikuwa wameandika sini ya mwisho ndani ya stesheni ya SGR bila kuomba popote. Wakaibadilisha, mtu anayeondoka tunamuona kwenye bajaji akiwa na tiketi mkononi, na tangazo la abiria tunalisikia kwa mbali, tulilirekodi wenyewe kwa sauti ya dada wa prodyuza.

Sauti yote ya nje ikaamuliwa iingizwe upya. Na safari hii kila kitu kikafuata taratibu: barua kwa mwenyekiti na mtendaji, afisa utamaduni wa halmashauri akapewa taarifa, kibali cha Bodi ya Filamu kikaombwa. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni ya 1976, si jambo jipya, na inahusu kikundi kidogo sawasawa na kampuni kubwa.

## Nyuma ya kamera kwenye awamu ya pili

### Mbio za pikipiki

Hii ndiyo sini watu wananiuliza sana. Mzee anakimbia kwa bodaboda, adui anamfuata na gari, kwenye njia za vumbi za eneo la viwanja vipya. Walikuwa na gari kwa siku moja tu, IST ya mjomba wa kamerameni, na mjomba alisema lirudi limeoshwa.

Hakuna gari lililopita kilomita 30 kwa saa. Kamera ilishushwa chini karibu na ardhi, lenzi pana, gari likapita karibu kabisa na kamera (kamera ikiwa kwenye stendi, hakuna mtu nyuma yake), na ukishuti kutoka chini hivyo ardhi inapita haraka mno machoni. Kwenye kuediti niliongeza kasi kama asilimia 20. Ukizidisha hapo unaumbuka, siyo kwa gari bali kwa wapita njia na mbuzi pembeni ambao wanaanza kutembea haraka isivyo kawaida.

Picha za adui akiendesha zilishutiwa siku nyingine bila hiyo IST, kwenye gari lingine la rangi ileile lililopaki chini ya mti. Vijana wawili wanalitikisa kwa nyuma, mmoja anapitisha tawi lenye majani mbele ya jua ili kivuli kipite usoni, mwingine anarusha vumbi kidogo dirishani. Ukichanganya na sauti ya injini hakuna anayejua. Anayeendesha pikipiki ni bodaboda halisi wa kijiweni, steringi hajawahi kuiendesha hata mita moja, helmeti yenye kioo cheusi imefanya kazi yote.

Na hapo kwenye helmeti pakatokea tatizo ambalo lilizaa kipande bora cha muvi nzima. Siku ya kwanza ya mbio helmeti ilikuwa nyeusi. Siku ya pili mwenye helmeti hakuonekana, wakashuti na nyekundu, hakuna aliyekumbuka. Nilipoweka picha pamoja mzee anaingia kona na nyeusi anatoka na nyekundu. Kurudia kulikuwa hakuwezekani. Dairekta akakaa na hizo picha usiku mzima, asubuhi akaja na wazo: tushuti kipande kimoja kidogo, mzee anapita kijiwe cha boda, bila kusema neno anavua nyeusi anamvisha kijana mmoja, anachukua nyekundu ya mwingine, anaondoka, na kijana mwenye nyeusi anaelekea upande mwingine. Adui anafuata nyeusi.

Siku ya kuonyesha, ukumbi ulipiga makofi hapo. Watu wanaamini skripti ilipangwa hivyo tangu mwanzo.

### Sauti

Chumba cha kurekodia kilikuwa chumba cha kulala cha yule mama, magodoro yamesimamishwa ukutani, mablanketi dirishani, feni imezimwa, friji ya jikoni imechomolewa. Waigizaji waliangalia picha zao na kurudia maneno. Kazi ngumu kweli, hasa kwa adui ambaye ana tabia ya kubadilisha maneno kila akirudia, kwa hiyo sini zake nyingi nilizikata ili tumuone anayesikiliza wakati yeye anaongea, mgongo wake unatosha. Zikawa nzuri zaidi, maana anayetishwa ndiye mwenye habari usoni.

Ngumi tulizipata kwa kupiga kabichi na kipande cha nyama yenye mfupa kwa pamoja. Hatua za viatu tulirekodi kwenye beseni la kokoto, kwa kutumia vilevile viatu vilivyolika kisigino, na vina mlio wao, kisigino kinakwaruza. Upepo nao tuliurudisha, tuliurekodi upya kwa simu iliyofungwa soksi nene nyuma ya nyumba, tukauweka chini kabisa ya kila sini ya nje. Dodoma bila upepo ingesikika uongo.

## Matokeo

Muvi iliisha, ikapelekwa kukaguliwa na kupangiwa daraja, ikaonyeshwa ukumbi wa kukodi mjini kwa kiingilio kidogo, baadaye ikawekwa YouTube. Hela yao haikurudi yote, walirudisha sehemu. Walichopata ni kazi: kamerameni na mtu wa mapambo wameitwa kwenye muvi za watu wengine, na mwenyekiti wa mtaa ndiye aliyejaza nusu ya ukumbi, alikuja na watu wake wamevaa kama wanaenda harusini, wakakaa viti vya mbele.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya kingine chochote ni kutafuta sababu ya kasoro ndani ya hadithi yenyewe, ili isibaki kitu cha kufichwa. Hili si la vikundi vidogo peke yake. Muvi ya kwanza ya James Bond, Dr. No ya 1962, ilitengenezwa kwa kama dola milioni moja. Kwenye pango la adui kuna tangi kubwa la samaki, na hawakuwa na tangi, walitumia picha za samaki zilizokwishapigwa na mtu mwingine. Samaki wale walikuwa wameshutiwa kwa karibu sana, wakaonekana wakubwa kupita kiasi. Basi wakaandika mstari kwenye maongezi kwamba kioo cha tangi ndicho kinachokuza samaki, na mstari huohuo ukawa kejeli nzuri kati ya Bond na adui. Helmeti nyekundu ni akili ileile. Mtazamaji anasamehe upungufu wowote ambao mhusika mwenyewe anaufahamu.

La pili ni kwamba muvi ya kijasusi, kuliko aina nyingine zote za muvi za mapigano, inafaa mtu asiye na hela. Kazi ya shushushu ni kutoonekana. Anavaa kama wengine, anakutana na watu sokoni, anaficha kitu kwenye gunia la mkaa, anaongea kwa sauti ya chini. Hayo yote yanapatikana Majengo au Sabasaba bure ukiwa na kibali chako. Hawa vijana waliacha kitu walichonacho wakaenda kukodi kitu wasichonacho, na kilichowarudisha ni maneno ya mama aliyeishi na mtu wa kazi hizo. Nashauri kila kikundi kikiwa na skripti ya namna hii kitafute mtu mzima mmoja aliyekuwa karibu na kazi hizo kabla ya kukodi chochote, asiulizwe siri, aulizwe tu walikuwa wanavaa nini na wanarudi nyumbani saa ngapi.

Kilichofeli vibaya ni siku ya bunduki, na sioni kama lilikuwa suala la bahati mbaya. Muvi ya El Mariachi ya 1992, ambayo dairekta wake Robert Rodriguez aliitengeneza kwa kama dola 7,000 kwenye mji mdogo wa Meksiko, inatajwa sana na vijana wetu kama ushahidi kwamba ukiwa na kamera moja unaweza. Ni kweli unaweza, na hata yeye sauti alirekodi kando na picha kama walivyofanya hawa. Lakini huwa hawasemi kwamba bunduki zake nyingine aliazimwa na polisi wa mji uleule. Yaani polisi walikuwa wanajua kuna muvi. Kamera kuwekwa mbali na watu wasijue ni jambo la hatari sana ikiwa kuna kitu chochote kinachofanana na silaha, na Dodoma ni mji ambao maeneo mengi yana vibao vya kukataza kupiga picha, ulinzi uko macho. Sare za polisi na jeshi ni hivyohivyo, sheria inakataza kuzivaa bila ruhusa, usizichukue kwa rafiki yako.

Kuhusu gharama, naona waliojutia droni hawana haja ya kujuta. Kianzio kilipotea, ni kweli, ila uamuzi wa prodyuza kukubali hasara ndogo ndio ulionyesha kwamba amejifunza kwenye tukio la kwanza. Ninacholaumu ni sauti kukosa bajeti. Maiki ndogo ya kubana kwenye shati na kifuniko cha manyoya cha kuzuia upepo vingegharimu chini ya kodi ya zile suti, na vingeokoa wiki nzima za chumba chenye magodoro. Hata hivyo, kuna sini mbili ambazo kama sauti ya lokesheni ingefaa tusingezikata kwa kumuonyesha anayesikiliza, na zingekuwa dhaifu, hilo nalikubali.

Michirizi ya taa sikuweza kuiondoa yote. Kwenye sini ya maombolezo ya kijana bado ipo. Nilipunguza mwanga wa sini nzima nikaongeza sauti ya umeme kutetereka, ule mlio wa taa kuukuu, na baadhi ya watu wakadhani ni umeme wa mtaani unasumbua. Siyo suluhisho zuri. Kabla ya kushuti sini yoyote ya ndani mshuti sekunde kumi, mzipeleke kwenye skrini kubwa, mtazame kuta.

Jambo la mwisho ni bango. Lilichapwa mapema, kabla ya polisi, kabla ya kikao, na lina steringi amesimama na suti nyeusi na bunduki mbili. Hela ya kuchapa lingine haikuwepo, likatundikwa hivyohivyo mlangoni. Watu waliolipa kiingilio kwa sababu ya lile bango waliingia wakisubiri risasi, na baada ya muvi kijana mmoja alimfuata dairekta kumuuliza bunduki zimeenda wapi, alikuwa amekasirika kweli na alikuwa na haki. Kwa muvi yao inayofuata, bango halichapwi mpaka kuediti kuishe, na picha yake itatoka kwenye muvi yenyewe.